Namna ya Kusoma Vitabu vya Kale vya Kikristo ili Vikupe Nuru ya Rohoni

Anayefungua Maungamo ya Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, kwa mara ya kwanza hukuta jambo asilolitarajia: mwandishi hasemi naye. Tangu mstari wa kwanza Augustino anazungumza na Mungu, na msomaji amesimama pembeni akisikiliza sala ya mtu mwingine. Kitabu hicho kiliandikwa kati ya mwaka 397 na 400 hivi. Mpaka leo wapo wanaokifunga baada ya kurasa chache, wakiona hakiwahusu. Wengine hukipekua wakitafuta ile sentensi maarufu kuhusu moyo usiotulia mpaka utulie ndani ya Mungu, wakiipata wanainukuu na kuendelea na shughuli zao. Wote wawili wamekosa kitu kilekile.

Naamini kabisa kwamba nuru ya kitabu cha kale haikai katika mistari tunayokubaliana nayo tangu mwanzo. Mistari hiyo hutufariji, na faraja ni njema, lakini hutuacha vilevile tulivyokuwa. Nuru hupatikana pale mtu aliyekufa karne nyingi zilizopita anaposema neno linalopishana na mazoea yetu, nasi tukakubali kukaa hapo badala ya kupita. Kukaa hapo kuna namna yake, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hatua kwa hatua.

Kwa "vitabu vya kale" nina maana ya maandishi ya Wakristo nje ya Biblia, kuanzia mwisho wa karne ya 1 hadi karne ya 18. Havichukui nafasi ya Biblia. Karibu vyote viliandikwa na watu waliokuwa wameishika Biblia mkononi, au kichwani, na ukivisoma vizuri vitakurudisha kwayo.

Hatua ya 1: Chagua kitabu kimoja, kulingana na hali uliyo nayo

Usianze na orodha ndefu. Orodha humfanya mtu ajione msomi kabla hajasoma, kisha humkatisha tamaa. Jiulize kwanza ni jambo gani linaloisumbua roho yako wakati huu, na jibu likuchagulie kitabu.

Kama shida yako ni ulimi wa kuhukumu, hasira, au kelele za ndani zisizokoma, nenda kwa Mababa wa Jangwani, wakaapweke wa Misri wa karne ya 4 na ya 5. Semi na visa vyao ni vifupi sana, vingine mistari mitatu tu, na kimoja chaweza kukutosha wiki nzima. Kama umechoka kuvutwa huku na huku na tamaa zako mwenyewe, na una akili inayopenda kuhoji, Maungamo yanakufaa. Kama unaishi na hofu ya kutengwa na jamaa zako kwa sababu ya imani, soma habari za Perpetua, mama kijana aliyeuawa Karthago mwaka 203. Sehemu kubwa ya kitabu hicho kidogo ni maandishi yake mwenyewe akiwa gerezani. Kurasa anazosimulia jinsi baba yake alivyomsihi aikane imani, na mtoto wake bado ananyonya, hazisomeki kwa haraka.

Mwenye kazi nyingi asiyepata faragha ya kusali atafute mazungumzo na barua za Ndugu Lawrence, bradha Mkarmeli aliyetumika jikoni katika nyumba ya watawa mjini Paris na kufariki mwaka 1691. Yeye hakuona tofauti kati ya saa ya kazi na saa ya sala. Kitabu chake chaweza kumalizwa jioni moja, na hapo ndipo wengi wanapokipoteza: kinaisha kabla hakijaanza kufanya kazi ndani yao. Aliyeumizwa na kufiwa au na maswali juu ya uovu duniani amsome Julian wa Norwich, mwanamke wa Uingereza aliyepata maono akiwa mgonjwa mahututi mwezi Mei 1373. Aliyelelewa katika kanisa la Kiprotestanti, naye anaona vitabu vya watawa ni vya kigeni mno, aanze na kijitabu cha Luther cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, au Safari ya Msafiri ya John Bunyan, iliyochapishwa mwaka 1678. Na kama unataka tu kuonja ukale wenyewe, Didake, mwongozo mfupi wa Wakristo wa kwanza, ina sura fupi 16. Ilikuwa imepotea hadi askofu Philotheos Bryennios alipokuta nakala yake Konstantinopoli mwaka 1873, naye akaichapisha mwaka 1883. Inaanza na njia mbili, ya uzima na ya mauti, na mtu yeyote anaweza kuifuata.

Kuna vitabu vya kuviacha kwanza. Maandishi yanayobeba jina la Dionisi wa Areopago ni mazito, na tena hayakuandikwa na yule Dionisi wa Matendo ya Mitume sura ya 17. Yalitungwa karibu na mwaka 500. Filokalia, mkusanyo mkubwa wa maandishi ya watawa wa Mashariki kuhusu sala uliochapishwa Venezia mwaka 1782, unahitaji mtu wa kukuongoza. Ninachosisitiza zaidi ni Usiku wa Giza wa Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania wa karne ya 16. Watu hukikimbilia kwa sababu jina lake linafanana na maumivu yao, ilhali aliwaandikia watu waliokwisha kuzoea sala kwa muda mrefu. Anayeanza nacho huweza kuita huzuni ya kawaida, au hata ugonjwa wa akili, "usiku wa roho", akaacha kutafuta msaada anaouhitaji. Kingoje.

Hatua ya 2: Pata toleo linaloaminika

Angalia kama kitabu ni kizima. Matoleo mengi ya Maungamo huacha vitabu vya mwisho kati ya vile 13, kwa sababu pale Augustino anaacha kusimulia maisha yake na kuanza kutafakari wakati na uumbaji. Kumfuasa Kristo cha Thomas à Kempis, cha mwanzoni mwa karne ya 15, kina sehemu nne, lakini matoleo kadhaa ya Kiprotestanti yaliiondoa ya nne kwa kuwa inahusu Ekaristi. Ufupisho si dhambi. Ila ujue umesoma nini.

Tafsiri zinazopatikana bure mtandaoni, kwa mfano katika Christian Classics Ethereal Library au Project Gutenberg, nyingi ni za karne ya 19 na Kiingereza chake ni kizito. Ukiweza kupata tafsiri mpya yenye tanbihi, itumie hiyo kwa kusoma, na ile ya zamani kwa kulinganisha pale penye utata. Dibaji ndefu ya mtaalamu isome mwishoni. Ukiisoma mwanzoni utaingia kitabuni na macho ya mtu mwingine.

Vitabu vya aina hii vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili ni vichache kuliko tunavyotamani, hivyo wengi wetu tutasoma kwa lugha tuliyojifunza shuleni. Hilo lina hatari moja: akili huelewa maneno na moyo ukabaki nje. Dawa yake ni rahisi. Kila unapofika mwisho wa kifungu, kifunge kitabu na useme kwa sauti, kwa lugha unayosalia, mwandishi amesema nini. Ukishindwa, hujakielewa bado.

Hatua ya 3: Jua mwandishi alikuwa wapi alipoandika

Dakika kumi zinatosha. Bunyan alikaa gerezani Bedford miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali. Ukilijua hilo, ngome ya Jitu Kukata Tamaa katika kitabu chake haiwi tena hadithi ya watoto. Athanasi, askofu wa Aleksandria aliyeandika Maisha ya Antoni, habari za mkaapweke wa Misri, alifukuzwa kwenye kiti chake cha uaskofu mara tano, jumla ya miaka kama 17, na sehemu ya muda huo alijificha kwa watawa wa jangwani. Mtu kama huyo anaposema habari za amani ya moyo, anajua anachokisema.

Hatua ya 4: Weka saa, weka kipimo, na ufuate mpangilio

Kanuni ya Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa wa karne ya 6, ina agizo ninalolipenda sana. Sura ya 48 inaagiza kwamba wakati wa Kwaresima kila mtawa apewe kitabu kimoja kutoka maktaba, akisome kwa mpangilio, chote kizima. Hakuna kurukaruka, wala kubadilisha kitabu kwa sababu kimechosha. Benedikto alijua kwamba sura tunazotaka kuziruka ndizo mara nyingi zilizoandikwa kwa ajili yetu.

Chagua saa moja ya siku ambayo unaweza kuilinda, hata kama ni robo saa tu. Saa ileile kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Kipimo kiwe kifungu kimoja chenye wazo moja: kisa kimoja cha Mababa, au sura moja ya Kumfuasa Kristo ambayo kwa kawaida ni kurasa mbili hivi, au aya tatu nne za Maungamo. Ukihisi hamu ya kuendelea, acha hapo hapo, ubaki na hamu hiyo hadi kesho.

Soma kwa sauti ya chini. Katika kitabu cha 6 cha Maungamo, Augustino anaeleza jinsi alivyomkuta Ambrosi, askofu wa Milano, akisoma kimya, macho yakipita juu ya kurasa na ulimi umetulia, naye akajiuliza sababu. Wakati ule vitabu viliandikwa kwa ajili ya sikio. Sentensi ndefu inayokushinda kwa macho mara nyingi hufunguka ukiitamka.

Hatua ya 5: Soma, tafakari, sali, nyamaza

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Mtawa Mkartusi aitwaye Guigo wa Pili aliandika katika karne ya 12 barua fupi kuhusu ngazi ya watawa yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na taamuli, yaani kutulia mbele ya Mungu bila maneno. Alilinganisha na kula: kusoma kunatia chakula kinywani, kutafakari kunakitafuna, sala inapata ladha yake, na taamuli ni utamu wenyewe. Kisha akaonya kwamba kusoma bila kutafakari ni kukavu, kutafakari bila kusoma kunapotea njia, sala bila tafakari ni vuguvugu, na tafakari bila sala haizai. Guigo alifikiria hasa Maandiko Matakatifu, lakini njia yake inafaa pia kwa vitabu vilivyozaliwa na Maandiko hayo.

Tuchukue kisa kimoja tukipitie pamoja. Katika jangwa la Sketi, huko Misri, ndugu mmoja alitenda kosa. Wazee wakaitisha baraza la kumhukumu, wakamwita Abba (yaani Baba) Musa, ambaye kabla ya kuwa mtawa alikuwa mnyang'anyi. Akakataa kuja. Wakamtumia ujumbe tena kwamba wote wanamngoja. Ndipo akainuka, akachukua mtungi uliotoboka, akaujaza maji, akaubeba. Waliotoka kumlaki wakauliza maana yake. Akawaambia kwamba dhambi zake zinavuja nyuma yake wala yeye hazioni, na leo amekuja kuhukumu makosa ya mwingine. Waliposikia hayo hawakumwambia kitu yule ndugu, wakamsamehe.

Kwanza soma. Soma mara tatu, polepole, bila kutafuta fundisho. Tazama kilichopo tu. Alikataa kwanza. Alikuja kwa kuitwa mara ya pili. Hakuhutubia baraza, alibeba kitu, wengine ndio waliouliza. Kisa hakitaji kosa la yule ndugu lilikuwa nini. Ukisoma mara moja, haya yote hayaonekani.

Kisha tafakari, na hapo uliza maswali yanayobana. Mimi nimeketi wapi katika kisa hiki? Wengi wetu hukimbilia kuketi mahali pa Musa, au mahali pa mkosaji aliyesamehewa. Jaribu kuketi barazani. Wale wazee hawakuwa waovu. Walikuwa na wajibu wa kulinda nidhamu ya jumuiya, na bila shaka waliona wanatenda haki. Ni mara ngapi nami nimeitisha baraza moyoni mwangu, nikiwa na sababu nzuri kabisa? Jambo la kutisha zaidi ni kwamba maji yanavuja nyuma. Anayebeba mtungi haoni. Wanaomfuata ndio wanaoona njia yote iliyolowa. Wanaonifuata mimi, watoto, wadogo zangu, ninaowaongoza kazini au kanisani, wanaona nini nyuma yangu?

Swali la mwisho ni la kukera, na hapo ndipo usimame. Usiende kwenye swali jingine.

Halafu sali, kwa maneno machache na ya wazi. Taja jina la mtu uliyemwekea baraza. Omba uonyeshwe kinachovuja. Kama hutaki kumsamehe, mwambie Mungu hivyo hivyo kwamba hutaki. Augustino anakiri kwamba ujanani aliomba apewe usafi wa kimwili na kujizuia, lakini si sasa, na sala hiyo ya aibu ameiacha kitabuni ili tuisome.

Mwishowe nyamaza dakika mbili tatu. Usilazimishe hisia yoyote. Kidato cha nne si cha kukipanda kwa nguvu zako. Ni zawadi, huja kikija, na siku nyingi hakiji.

Hatua ya 6: Pima kinachokukera

Nimesema nuru iko pale kitabu kinapopishana nawe. Lakini si kila kinachokera ni nuru, na hapa msomaji asiye makini huangukia upande mmoja au mwingine: ama anakubali kila kitu kwa kuwa ni cha mtakatifu, ama anakitupa kitabu kizima kwa ukurasa mmoja mbaya.

Yako mambo ambayo ni makosa tu, na yanapaswa kuitwa hivyo. Yohane Krisostomo, mhubiri ambaye mafundisho yake kuhusu maskini bado yanachoma, alitoa Antiokia mwaka 386 na 387 hotuba za matusi makali dhidi ya Wayahudi. Luther aliandika mwaka 1543 kitabu cha chuki dhidi yao. Maneno hayo yalikuja kutumiwa kuhalalisha mateso ya watu. Hakuna tafakari ya kiroho inayoweza kuyatakasa, na kuyasoma kunatufundisha jambo moja zito: mtu anaweza kumpenda Mungu kwa kweli na bado awe kipofu upande mmoja. Vivyo hivyo baadhi ya maneno juu ya wanawake, na kufunga kwa watawa kulikokaribia kuuharibu mwili. Usiige ukali wa mkaapweke wa Misri kwa sababu umesoma kisa chake jana usiku.

Kwa hiyo jambo likikukera, lipitishe katika maswali haya. Linapatana na Kristo wa Injili, au linampinga? Linanikera kwa sababu linamdhalilisha mtu fulani, au kwa sababu linagusa kitu nisichotaka kukiachia? Wakristo wa nyakati na mahali tofauti wanalisema pia, au ni la mtu mmoja na ghadhabu yake? Likipita hapo na bado linauma, acha liume.

Angalia pia nukuu zinazozunguka bila chanzo. Ile sala maarufu ya kuomba kufanywa chombo cha amani, inayoitwa ya Fransisko wa Asizi, ilionekana kwanza kwenye gazeti dogo la Kifaransa mwaka 1912. Ni sala nzuri, na uendelee kuisali. Lakini usijenge picha ya Fransisko juu yake.

Hatua ya 7: Andika, na uchunguze kinachobaki baadaye

Mwaka 1521 askari aitwaye Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu kwa kombora la mzinga huko Pamplona. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita na mapenzi. Nyumbani hazikuwepo, akaletewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Alinakili aliyoyapenda katika daftari, maneno ya Kristo kwa wino mwekundu na ya Bikira Maria kwa wino wa buluu. La thamani zaidi ni alichogundua akiwa amelala pale. Alipowaza ushujaa na bibi aliyemtamani, alifurahia, kisha akabaki mkavu. Alipowaza kuishi kama watakatifu, alifurahia, na furaha ikabaki hata baada ya mawazo kwisha. Kutokana na tofauti hiyo ndogo kulianza mafundisho yake yote ya kupambanua roho.

Fanya hivyo hivyo. Uwe na daftari, na mara umalizapo kusoma andika kifungu kilichokugusa au kukukera, pamoja na sala yako kwa sentensi moja. Kisha, muhimu zaidi, rudi jioni au kesho yake uandike kilichobaki: amani, ukavu, aibu inayokusukuma kutengeneza mambo, au aibu inayokuvunja tu. Hizo mbili za mwisho hufanana mwanzoni. Ya kwanza hukupeleka kwa mtu uliyemkosea; ya pili hukufungia ndani. Kama vitabu vinakuzidishia woga na kujichukia siku hadi siku, acha kusoma kwa muda, ukazungumze na mchungaji, padri au mtu mzima wa imani anayekufahamu. Usilibebe peke yako.

Siku zisizo na kitu

Zitakuja, na nyingi. Utasoma na maneno yatakuwa maneno tu. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania wa karne ya 16 ambaye watu humdhania mwalimu wa sala za juu, anakiri katika kitabu cha maisha yake kwamba kwa miaka 18 hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu mkononi, isipokuwa baada ya komunyo. Kitabu kilikuwa mwenzake na ngao yake dhidi ya mawazo yanayotangatanga. Siku nyingine alisoma sana, siku nyingine kidogo, na siku nyingine kukifungua tu kulitosha.

Mwaka 1559, orodha ya vitabu vilivyokatazwa Hispania ilipomnyima vingi alivyovipenda, alihuzunika, akasikia moyoni Bwana akimwahidi kitabu kilicho hai. Kitabu cha karatasi kinaweza kuondolewa, na kinachofanyika ndani yake kikaendelea. Kwa hiyo siku ya ukavu fungua, soma aya moja, sema Baba Yetu, funga. Usibadili kitabu kwa sababu ya ukavu wa wiki moja. Julian wa Norwich alibaki na mfano mmoja wa maono yake, ule wa bwana na mtumishi, karibu miaka 20 kabla hajaridhika kwamba ameuelewa.

Hatua ya 8: Tenda jambo moja, dogo, kabla hujaendelea

Thomas à Kempis anasema katika sura yake ya kwanza kabisa kwamba ni afadhali kuona majuto moyoni kuliko kujua kuyaeleza. Nuru isiyogeuka tendo huchacha haraka, na ikichacha humfanya mtu awe mjuaji wa mambo ya rohoni, hali mbaya kuliko ujinga.

Maisha ya Antoni yanasimulia kwamba kijana Antoni, akiwa amefiwa na wazazi, aliingia kanisani wakati Injili inasomwa, akasikia neno la Yesu kwa yule tajiri kwamba auze alivyo navyo awape maskini. Akalichukua kama ameambiwa yeye, akaenda akagawa mashamba. Miaka mingi baadaye, mwaka 386, mgeni aitwaye Ponticianus alimsimulia Augustino jinsi maofisa wawili walivyokikuta kitabu hicho nyumbani mwa watu huko Trier, wakakisoma, wakaacha kazi zao palepale. Simulizi hiyo ilimchoma Augustino. Siku hiyohiyo, bustanini Milano, aliposikia sauti kama ya mtoto ikiimba "chukua, soma", alimkumbuka Antoni, akafungua barua ya Paulo kwa Warumi, akasoma mistari ya mwisho ya sura ya 13, na hakuhitaji kuendelea.

Si lazima tendo lako liwe kubwa hivyo. Ukisoma kisa cha mtungi, tendo linaweza kuwa kumpigia simu mtu uliyemsema vibaya, au kunyamaza katika mazungumzo ambapo jina lake litatajwa. Liandike daftarini likiwa na siku yake. Kama kifungu kinadai jambo kubwa, kama kuacha kazi, kuvunja uchumba au kugawa mali, usiamue peke yako wala wiki hiyohiyo. Mshirikishe mtu mwenye busara na uombe kwa muda. Antoni mwenyewe, kabla ya kwenda kuishi peke yake, alimkabidhi dada yake mdogo kwa wanawake waaminifu wamtunze.

Hatua ya 9: Msikilize msomaji mwingine

Mtafute hata mmoja, msome kitabu kilekile, mkutane mara moja kwa wiki mbili. Kila mmoja asome kwa sauti kifungu kimoja tu kilichomgusa, aseme kwa nini. Msifanye mjadala wa madhehebu. Kama kuna tofauti ya mafundisho, itajeni wazi kwa heshima, mwendelee. Ninapendekeza hasa mtu wa kanisa tofauti na lako, kwa sababu ataona kwa urahisi kile ambacho wewe umekizoea mno, nawe utaona chake.

Kupata kitabu kinachofuata

Acha hiki ulichomaliza kikutajie kinachofuata. Sura ya mwisho ya Kanuni ya Benedikto inamwelekeza msomaji kwa Mazungumzo ya Yohane Kasiano, kwa maisha ya Mababa, na kwa kanuni ya Basili. Aliyemaliza Maungamo ana sababu nzuri ya kwenda nyuma kwa Maisha ya Antoni, na kwenda mbele kwa Teresa, ambaye aliposoma kisa cha bustani cha Augustino aliona kana kwamba Bwana amemwita yeye, akalia machozi. Kwa njia hiyo utakuwa unawafuata watu waliosomana.

Kabla hujaanza kipya, pitisha wiki mbili ukisoma daftari lako tu, saa ileile uliyokuwa ukisoma kitabu. Weka alama penye matendo uliyoyaandika na bado hujayafanya, uanze na hayo.